Faili limeshuka lakini halifunguki: kutatua matatizo ya ruhusa kwenye seva ya skuli

Mafaili hupakuliwa usiku, wakati bando ni rahisi na hakuna anayegombania intaneti. Asubuhi mwalimu wa fizikia anakaa mbele ya kompyuta ya maabara, anafungua folda ya masomo, jina la video analiona, akibofya anaambiwa hana ruhusa. Anaitwa mtu wa kompyuta, anapiga `chmod -R 777`, amri ya kubadilisha ruhusa, kwenye folda nzima, video inacheza. Kesho yake yanashuka mafaili mapya, na kilio ni kile kile.

Amri hiyo hubadilisha mafaili yaliyokwishafika tu. Programu inayoyaleta haijaguswa, basi usiku unaofuata itaandika kama ilivyozoea. Juu ya hayo, 777 inamruhusu yeyote mwenye akaunti kwenye seva kufuta au kubadilisha chochote, pamoja na programu ya wavuti iliyovamiwa. Dawa ni kujua nani anaandika faili, nani anataka kulisoma, na kitu gani kinamzuia.

Mfano tutakaoutumia ni seva ya Ubuntu au Debian katika skuli ya sekondari, tuseme Wete. Mafaili yanakaa `/srv/maktaba/masomo` na yanaletwa na wawili. Transmission, programu ya kupakua kwa torrent, inapakua mafaili makubwa ya Kiwix, yale ya Wikipedia ya kusoma bila intaneti. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha ni karibu GB 100, na torrent inafaa kwa sababu intaneti ikikatika huendelea ilipoachia. Wa pili ni skripti ya `wget` inayoleta PDF za mitihani iliyopita, ikiendeshwa na cron (kipanga-saa cha kazi cha Linux) kwa akaunti iitwayo `pakua`. Wasomaji nao ni wawili: walimu wanaoingia kutoka Windows kupitia Samba, programu ya kushirikisha folda, na wanafunzi wanaofungua kwa simu kupitia Nginx, seva ya wavuti.

Hatua ya 1: Soma kosa lenyewe kabla ya kugusa kitu

Ingia kwenye seva, jaribu kulifungua faili kwa amri, na usome maneno yanayotoka. Kuna makosa manne ambayo watu huyaita yote "tatizo la ruhusa", na dawa zake haziingiliani.

`Permission denied` ndilo kosa la ruhusa hasa. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inalihusu hilo.

`Operation not permitted` maana yake umejaribu jambo lililo la mmiliki au root (msimamizi mkuu wa seva) peke yake, kwa mfano kubadilisha ruhusa za faili la mtu mwengine. Hutokea pia kwenye diski zisizojua ruhusa za Linux, na kwenye faili lililofungwa kwa `chattr +i`. Hilo la mwisho utaliona kwa `lsattr`: itatokea herufi `i` mbele ya jina.

`Read-only file system` haina uhusiano na ruhusa, na chmod haitakufaa kitu. Linux imekuta hitilafu kwenye diski ikaacha kuandika ili isiharibu zaidi. Kwetu visiwani hili ni la kawaida: umeme wa Unguja na wa Pemba huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na ukikatika ghafla seva isiyokuwa na UPS huzimika katikati ya kuandika. Hewa ya chumvi nayo hula viunganishi vya USB, diski ya nje ikawa inapotea na kurudi. Angalia hivi:

```
findmnt -T /srv/maktaba/masomo
sudo dmesg | tail -40
```

Amri ya kwanza inakwambia folda hiyo iko kwenye diski gani na kama imepachikwa `ro` (kusoma tu) au `rw` (kusoma na kuandika). Ikiwa ni `ro`, na `dmesg` inataja makosa ya diski, simamisha huduma zinazoitumia, iondoe kwa `umount`, kisha endesha `fsck -f`, amri ya kukagua diski, kwenye kifaa kilichotajwa. Usiendeshe fsck ya kutengeneza kwenye diski iliyopachikwa. Ndivyo mafaili mazima yanavyoharibika.

`No space left on device`: diski imejaa. Tazama `df -h`, na kama nafasi inaonekana ipo, tazama `df -i`, kwani mafaili madogo mengi mno humaliza nafasi za kuandikishia majina kabla diski yenyewe haijajaa.

Hatua ya 2: Nani anaandika, nani anasoma

Hapa usikisie. Huduma nyingi hazikimbii kwa jina lako wala kwa root, bali zina akaunti zake.

```
ps -eo user:20,group:20,cmd | grep -E 'transmission|nginx|smbd'
id debian-transmission
id pakua
id mwalimu
```

Ile `user:20` ina kazi. Jina `debian-transmission` ni refu, na `ps` ya kawaida hulikata likatoka `debian-+`, watu wakatafuta akaunti ambayo haipo. Kwenye Nginx utaona mistari ya aina mbili: mmoja wa root, na mengine ya `www-data`. Wasomaji halisi ni hao `www-data`. Kwa Samba, mwombe mwalimu aache folda wazi kwenye Windows yake, kisha `sudo smbstatus` itakuonyesha ameingia kwa jina gani. Aghalabu utagundua Windows imeingia kwa akaunti ya zamani iliyohifadhiwa, siyo ile unayoihangaikia.

Jaribu kusoma kwa jina la anayelalamika. Kujaribu kwa root hakuthibitishi kitu, maana root hapigwi marufuku na ruhusa hizi.

```
sudo -u www-data head -c 1 /srv/maktaba/masomo/fizikia.mp4 >/dev/null && echo sawa
```

Ikitoka `sawa`, ruhusa za Linux hazina kosa kwa mtumiaji huyo, na tatizo liko kwenye mipangilio ya Nginx au Samba yenyewe.

Hatua ya 3: Kagua njia nzima, siyo faili peke yake

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea. Mtu anatazama faili, anaona `-rw-r--r--`, kila mmoja anaruhusiwa kusoma, na bado linakataa. Faili ni kama chumba cha ghorofani katika nyumba ya Mji Mkongwe: ufunguo wa chumba haukusaidii ikiwa lango la nje limekomewa. Kila folda iliyoko njiani, kuanzia `/`, lazima impe msomaji herufi `x`. Amri ya kuonyesha njia nzima kwa mara moja ni hii:

```
namei -l /srv/maktaba/masomo/fizikia.mp4

drwxr-xr-x root  root   /
drwxr-xr-x root  root   srv
drwxr-x--- root  root   maktaba
drwxrwsr-x root  masomo masomo
-rw-r--r-- pakua masomo fizikia.mp4
```

Anayezuia ni `maktaba`. Herufi tatu za mwisho ni `---`, basi asiye root na asiye katika kundi la root hapiti, hata kama ndani kila kitu ki wazi. Dawa yake ni `sudo chmod 755 /srv/maktaba`, bila `-R`.

Kwenye folda, `r` ni kuorodhesha majina, `x` ni kupita na kufikia kilichomo, na `w` pamoja na `x` ni kuunda na kufuta. Ndiyo maana mwalimu anaweza kuona jina la video bila kuweza kuifungua, na ndiyo maana mtu anaweza kufuta faili asiloruhusiwa hata kulisoma: kufuta kunategemea folda, siyo faili.

Mafaili yaliyopakuliwa ndani ya `/home/fulani` yana mtego wake. Kuanzia Ubuntu 21.04 folda mpya ya nyumbani huundwa na ruhusa 750, yaani wengine hawapiti kabisa. Nginx haitasoma kitu humo. Usiifungue folda ya nyumbani ya mtu kwa ajili hiyo. Hamisha mafaili yaende `/srv`.

Jambo jengine dogo: Linux huangalia mmiliki kwanza, kisha kundi, kisha wengine, na husimama panapolingana pa mwanzo. Ukiwa mwanachama wa kundi lililonyimwa, ruhusa ya "wengine" haikufikii ingawa ni pana zaidi.

Hatua ya 4: Rekebisha mafaili yaliyopo

Tengeneza kundi moja la wanaofanya kazi na folda hiyo, uwaingize.

```
sudo groupadd masomo
sudo usermod -aG masomo debian-transmission
sudo usermod -aG masomo pakua
sudo usermod -aG masomo mwalimu
```

Usisahau `-a`. Ukiandika `-G` peke yake, mtumiaji huondolewa katika makundi yake mengine ya ziada, na ikiwa ni akaunti yako, utapoteza na haki ya `sudo`, yaani ya kuendesha amri kama root. `www-data` hatukumtia kwenye kundi kwa makusudi: yeye anasoma tu, na kusoma atakupata kupitia "wengine". Seva ya wavuti haina haja ya kuweza kuandika kwenye maktaba.

Uanachama mpya hauanzi pale pale. Aliyeingia tayari lazima atoke aingie tena, na huduma lazima ianzishwe upya. Linganisha `id` tupu, inayoonyesha makundi ya kikao ulichomo, na `id mwalimu`, inayoonyesha yaliyoandikishwa. Yakitofautiana, umepata jibu.

Kisha mafaili:

```
sudo chgrp -R masomo /srv/maktaba/masomo
sudo find /srv/maktaba/masomo -type d -exec chmod 2775 {} +
sudo find /srv/maktaba/masomo -type f -exec chmod 664 {} +
```

Tarakimu zinahesabika hivi: kusoma 4, kuandika 2, `x` ni 1. Kwa hiyo 664 ni mmiliki na kundi kusoma na kuandika, wengine kusoma. Ile 2 ya mwanzo kwenye folda huweka herufi `s` mahali pa `x` ya kundi, na maana yake ni kwamba kila kitakachoundwa humo kitarithi kundi `masomo` badala ya kundi la aliyekiunda. Bila hiyo `s`, faili la Transmission litakuja na kundi la `debian-transmission`, na kazi yote ya juu haitazidi usiku mmoja.

Wengi hupenda njia fupi ya `chmod -R u=rwX,g=rwX,o=rX`. Ni nzuri, lakini `X` kubwa humpa `x` faili lolote ambalo tayari lina `x` mahali fulani. Kama mtu alishapiga 777, kila PDF ina `x`, na njia fupi haitaiondoa. Baada ya 777 tumia `find`.

Soma tena mstari wako kabla ya kubonyeza Enter, hasa wenye `-R`. Nafasi moja iliyoponyoka, `/ srv` badala ya `/srv`, inapeleka amri kwenye mfumo mzima. Baada ya hapo sudo inakataa kufanya kazi ikikuta `/etc/sudoers` imefunguliwa kwa kila mtu, SSH nayo inakataa funguo zilizo wazi mno, na kuponya seva kama hiyo ni kazi kubwa kuliko kuipanga upya.

Folda ya mitihani ambayo haijafanywa isiwe humu kabisa. Iwe na kundi lake na ruhusa 2770.

Hatua ya 5: Rekebisha kinachoyaumba

Programu inapounda faili, kwa kawaida huomba 666, na folda huomba 777. Kisha `umask` inapunguza. Umask ya 022 huacha 644 na 755: kundi linasoma tu. Ya 002 huacha 664 na 775, ndiyo tunayoitaka hapa. Ya 027 huacha 640 na 750, na ya 077 huacha 600 na 700, ambapo asiye mmiliki hana lake. Ukikuta mafaili mapya kila siku yana 600 au 640, tafuta umask kali mahali fulani, au programu inayoomba 600 yenyewe.

Kuandika `umask 002` ndani ya `.bashrc` hakusaidii, ingawa ndiyo ushauri unaosambaa. Cron haisomi faili hilo, wala huduma za systemd, kinachowasha huduma za seva, hazilisomi. Kila chombo kina mahali pake.

*Transmission.* Mipangilio iko `/etc/transmission-daemon/settings.json`. Simamisha huduma kwanza. Ukihariri ikiwa inakimbia, itakapozimika itaandika mipangilio yake ya zamani juu ya kazi yako.

```
sudo systemctl stop transmission-daemon
sudo nano /etc/transmission-daemon/settings.json
sudo systemctl start transmission-daemon
```

Tafuta mstari wa `"umask"`. Katika matoleo ya 3 na ya kabla yake, namba hiyo ni ya hesabu ya kawaida ya kumi, siyo ya msingi wa nane. Kwa hiyo 18 utakayoikuta ni 022, na unachotaka kuandika ni `2`. Ukiandika 22 ukidhani ni 022, utapata 026, na wengine watafungiwa kusoma. Toleo la 4 limeondoa utata huo: thamani ni maandishi, `"002"`. Angalia toleo lako kwa `transmission-daemon --version`.

*Huduma nyengine za systemd.* Piga `sudo systemctl edit jina-la-huduma`, uandike:

```
[Service]
UMask=0002
```

kisha uianzishe upya kwa `systemctl restart`. Transmission hujiwekea umask yake kutoka kwenye mipangilio yake, kwa hiyo kwake mstari huu hautoshi.

*Skripti ya cron.* Weka `umask 002` mstari wa pili wa skripti, chini ya `#!/bin/bash`. Na cron yenyewe iwe ya akaunti ya `pakua`, siyo ya root:

```
sudo crontab -u pakua -e
0 2 * * * /home/pakua/bin/leta-pdf.sh
```

Cron haijui saa za Kiswahili: saa nane za usiku ni hiyo `2`. Seva mpya nyingi huja na saa za UTC, na hapo `2` itakuwa saa kumi na moja alfajiri kwetu, bando la usiku pengine limeshakwisha. Sahihisha kwa `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha anzisha cron upya.

Kupakua kwa `sudo wget` ndiyo chanzo cha mafaili ya root yanayozagaa katikati ya mengine. Ukikuta faili moja halibadilishiki huku jirani zake hawana tatizo, mtazame mmiliki. Mara nyingi utamkuta root.

*Mafaili yanayohamishwa.* Hapa ndipo hata waliofuata hatua zote hukwama. Ile `s` ya folda humgusa anayezaliwa humo tu. Faili likiundwa folda nyengine kisha likahamishwa kwa `mv`, linakuja na kundi na ruhusa zake za kule lilikotoka. Transmission ikiwa imepangiwa folda ya mafaili yasiyokamilika, hufanya hivyo hivyo: inaunda kule, ikimaliza inahamisha. Folda ya masomo iko sawa kabisa, na kila faili linaloingia lina kundi baya. Dawa ni kuipa folda ya yasiyokamilika kundi `masomo` na 2775 vile vile. Kwenye skripti zako tumia `cp` ya kawaida, isiyo na `-p` wala `-a`, kisha futa la awali. Au ikiwa unatumia rsync, programu ya kunakili folda, iambie wazi:

```
rsync -rtp --chmod=D2775,F664 chanzo/ /srv/maktaba/masomo/
```

Rsync ikilalamika `failed to set times ... Operation not permitted`, maudhui yamefika salama. Aliyekataliwa ni mtu asiye mmiliki kuweka tarehe ya faili, jambo ambalo uanachama wa kundi hauliruhusu. Ondoa `t`, au endesha kwa akaunti ya mmiliki.

Zipo programu zisizokupa mahali pa kuweka umask. Kwa hizo kuna orodha ya ziada ya ruhusa, ACL, inayorithiwa na kila kinachoundwa ndani ya folda:

```
sudo apt install acl
sudo setfacl -R -m g:masomo:rwX /srv/maktaba/masomo
sudo setfacl -R -d -m g:masomo:rwX /srv/maktaba/masomo
```

Mstari wenye `-d` ndio wa kurithisha, na folda yenye urithi huo haijali umask. Ukipiga `ls -l` utaona alama ya `+` mwishoni mwa ruhusa. Lakini programu inayoomba 600 waziwazi, kama zile zinazoandika faili la muda kisha kulibadilisha jina, bado itafunga: `getfacl` itaonyesha kundi lina `rwx` na pembeni `#effective:---`. Hapo haki imeandikwa lakini imefunikwa. Kwa programu ya namna hiyo hakuna ila kupiga `chmod g+rw` baada ya faili kukamilika, kwa skripti.

Hatua ya 6: Samba

Mwalimu wa Windows anapita milango miwili, wa Samba na wa Linux, na mkali kati ya miwili ndio unaoshinda. Samba isipoambiwa kitu, folda inayoshirikiwa ni ya kusoma tu, na mafaili mapya hayapati zaidi ya 0744. Katika `/etc/samba/smb.conf`:

```
[masomo]
   path = /srv/maktaba/masomo
   read only = no
   valid users = @masomo
   force group = masomo
   create mask = 0664
   force create mode = 0664
   directory mask = 2775
   force directory mode = 2775
```

`create mask` huondoa kilichozidi tu, haiongezi. Kinachoongeza ni `force create mode`. Kagua kwa `testparm -s`, kisha `sudo systemctl reload smbd`. Akaunti ya Samba ina nenosiri lake mbali na la Linux, na huwekwa kwa `sudo smbpasswd -a mwalimu`. Upande wa Windows, kabla ya kujaribu tena, fungua dirisha la amri upige `net use * /delete`, ukijua kuwa inakata folda zote za mtandao zilizounganishwa. Bila hivyo Windows huendelea na kikao cha zamani na utadhani hukubadilisha kitu.

Diski ya nje

Diski iliyotoka dukani huwa na exFAT au NTFS, na flashi ndogo huwa na FAT32. FAT32 na exFAT hazina mahali pa kuandika mmiliki wala ruhusa za Linux. Utapiga chmod, itakataa au itanyamaza, na `ls` itaonyesha yale yale. Ruhusa zake huamuliwa wakati wa kupachika, ndani ya `/etc/fstab`. Tafuta namba ya kundi kwa `getent group masomo` na UUID (kitambulisho cha diski) kwa `lsblk -f`, kisha:

```
UUID=1A2B-3C4D /mnt/nje exfat gid=1005,dmask=0002,fmask=0113,nofail 0 0
```

Hapo folda zote zinakuwa 775 na mafaili 664. `nofail` ni ya lazima. Bila hiyo, siku diski haipo seva haiwaki hadi mwisho. FAT32 ina kikomo kingine: faili moja haliwezi kufika GB 4, na upakuaji hukatikia hapo kwa kosa ambalo watu hulisoma kama la ruhusa.

NTFS iliyochomolewa kwenye Windows iliyozimwa nusu, yaani yenye Fast Startup, hupachikwa kwa kusoma tu au hukataa kabisa. Irudishe kwenye Windows hiyo, piga `shutdown /s /t 0`, halafu uilete. Ikiwa diski haitatoka kwenye seva tena, usijisumbue: nakili vilivyomo pengine, uifomati kwa ext4, na kila hatua ya juu itafanya kazi juu yake. Ext4 iliyotoka seva nyengine, hata hivyo, huja na namba za wamiliki, siyo majina. Namba 1001 iliyokuwa `pakua` kule inaweza kuwa mtu mwengine hapa. `ls -ln` huonyesha namba zenyewe.

Umeme ukirudi na diski ya USB ikachelewa kuamka, `/mnt/nje` inabaki folda tupu kwenye diski ya mfumo. Ikiwa Transmission inapakulia huko, itaandika humo humo hadi diski ya mfumo ijae, na asubuhi kila huduma imelala. Ongeza `RequiresMountsFor=/mnt/nje` chini ya `[Unit]` kwa `systemctl edit transmission-daemon`, ili isianze kama diski haipo. Na diski ikiwa imeondolewa, piga `sudo chattr +i /mnt/nje`: folda tupu haitaandikika hata na root, lakini ukipachika diski juu yake itaandikika kama kawaida.

Ruhusa zote ni sawa na bado inakataa

Piga `sudo journalctl -k | grep DENIED`. Ukiona `apparmor`, programu imefungiwa folda hiyo na ulinzi wa ziada wa Ubuntu. Programu zilizowekwa kwa snap zina kizuizi cha namna hiyo, na nyingi hazioni `/srv` hata kidogo. Weka toleo la `apt`. Huduma ya systemd inaweza kuwa na `ProtectHome` au `ReadOnlyPaths`. Amri `systemctl cat` itaonyesha. Kwenye Rocky au AlmaLinux kuna SELinux, ulinzi wa ziada wa mifumo hiyo, na faili lililohamishwa kutoka nyumbani hubaki na lebo ya nyumbani: linganisha kwa `ls -Z`, rudisha kwa `restorecon -Rv`. Ndani ya Docker, inayoendesha huduma ndani ya makasha yaitwayo kontena, kinachohesabika ni namba, siyo jina, basi `PUID` na `PGID` za kontena zilingane na `id pakua` ya seva, kama picha unayotumia inazisoma.

Skripti iliyopakuliwa haiendesheki kwa sababu haina `x`, na hilo ni jema. Isome kwanza, kisha `chmod u+x`. Ikiendelea kukataa, tazama kama diski imepachikwa `noexec`. Ikisema `bad interpreter` na `^M`, iliandikwa kwa Windows, na `sed -i 's/\r$//'` itaisafisha.

Kuthibitisha

Acha upakuaji wa usiku mmoja upite bila kugusa kitu, kisha asubuhi:

```
sudo find /srv/maktaba/masomo \( ! -group masomo -o ! -perm -g+rw \) -ls
```

Isipotoa mstari wowote, mafaili mapya yanakuja na kundi na ruhusa sahihi. Ikitoa, usiyarekebishe kwanza. Tazama safu ya mmiliki: `debian-transmission` inakurudisha kwenye umask au folda ya yasiyokamilika, `pakua` kwenye skripti, jina la mwalimu kwenye Samba, na root kwa yule anayependa `sudo`.